Tusiseme Tena "Angalau Ualimu"



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, katika nyumba nyingi hufanyika kikao kisichoandikiwa kumbukumbu. Baba, mama, wajomba na mashangazi hukaa na kuzipima alama za kijana wao. Aliyepata daraja la juu huambiwa aende kidato cha tano, na kabla hajafika huko ameshaitwa daktari au mhandisi. Aliyepata daraja la kati hutazamwa kwa huruma, kisha mmoja wa wakubwa, akitaka kuyamaliza mazungumzo kwa amani, husema: "Basi, angalau ualimu." Na ualimu unaokusudiwa hapo ni ule wa shule ya msingi.

Tunapenda kulitazama neno hilo "angalau" kwa jicho la haki. Kwa maoni yetu linawadhulumu watu wawili kwa pamoja. Linamdhulumu kijana, kwa kuwa linamtuma kwenye kazi ya maisha yake akiwa ameshaaibishwa. Tena linamdhulumu mtoto wa darasa la kwanza, ambaye hakuwapo katika kikao kile, lakini ndiye atakayeilipa gharama yake kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, namna kijana anavyoifikia kazi ya ualimu haiwezi kuachwa kuwa shauri la familia yake peke yake. Inaihusu jamii nzima, na hasa maskini, ambao watoto wao hawana shule nyingine ya kukimbilia.

Tulifikaje hapa?

Wazee wetu wanakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Katika vijiji vingi vya Tanganyika, mwalimu ndiye aliyewasomea watu barua zao, akawaandikia majibu, na kuombwa shauri penye ugomvi. Julius Nyerere aliacha kufundisha pale Pugu mwaka 1955 ili aiongoze TANU. Baadaye akawa Rais, lakini hakutafuta jina lililo kubwa kuliko lile la kazi aliyoiacha. Alifariki mwaka 1999, na hata leo Watanzania wanamwita Mwalimu.

Mabadiliko yaliingia kwa njia ya jambo jema. Mwezi Novemba 1974, TANU iliamua huko Musoma kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto apate nafasi ya elimu ya msingi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, watoto walikuja kwa wingi kuliko walimu waliokuwapo, na vyuo havikutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wameshika madarasa. Waliitwa walimu wa UPE, na wako waliowacheka kwa jina hilo. Kuwacheka ni kukosa shukrani. Wengi miongoni mwa watu wenye umri wa miaka arobaini na hamsini leo walifundishwa nao kushika kalamu.

Lakini taifa lilijifunza hapo somo baya, kwamba mwalimu wa shule ya msingi anaweza kupatikana haraka na kwa gharama ndogo. Somo hilo halikusahaulika. Ugumu wa uchumi wa miaka ya 1980 ulikula mshahara wa mwalimu hata akalazimika kutafuta riziki ya pili shambani au gengeni. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Madarasa yakafurika tena, na mafunzo ya ualimu ya miaka miwili yakapangwa upya: mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Mwezi Januari 2016 utaratibu wa elimu bila malipo ulipoanza kutekelezwa, watoto wakaongezeka kwa mara nyingine.

Mara tatu mlango umepanuliwa, na mara tatu mwalimu amekumbukwa mwishoni. Hatusemi kwamba mlango usingepanuliwa. Tunasema kwamba mtoto aliyeruhusiwa kuingia darasani, akamkosa mtu wa kumfundisha, amepewa nusu ya haki yake.

Kazi iliyo ngumu kuliko wengi wanavyodhani

Wako wanaofikiri kwamba kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo mwalimu wake anavyohitaji kujua machache. Fikra hii inatokana na kusahau. Mtu mzima hakumbuki tena jinsi alivyojifunza kusoma, na hivyo huona kusoma ni jambo linalokuja lenyewe kama kuota meno. Haliji lenyewe. Mtoto hana budi kwanza kusikia kwamba neno analolitamka kila siku lina vipande. Kisha hana budi kuelewa kwamba mchoro ubaoni unasimama mahali pa sauti, na kwamba sauti mbili zikiungana huzaa silabi. Yuko mtoto ambaye nyumbani husikia Kisukuma, Kigogo au Kimaasai tu. Huyo anajifunza kusoma na kujifunza Kiswahili kwa wakati mmoja, kutoka kwa mwalimu mmoja, katika saa zilezile.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto anaambiwa aandike kumi na nne, naye anaandika 104. Asiyejua kazi humwita mjinga, au humchapa. Mwalimu aliyefundwa huona kwamba mtoto ameandika sawasawa alichokisikia: ameandika kumi, kisha akaandika nne. Kosa lake linaonyesha mahali alipofika. Basi mwalimu huleta vijiti, hufunga kumi pamoja kwa kamba, huweka vinne pembeni, na kumwonyesha kwamba fungu moja na vijiti vinne ndilo jambo linaloandikwa 14. Kujua jibu la hesabu ile kunahitaji elimu ya darasa la kwanza. Kulijua kosa la mtoto na njia ya kumtoa humo kunahitaji mtu aliyeandaliwa.

Tena haya yote hayafanyiki kwa mtoto mmoja. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na waamini wanafahamu shule ambazo darasa moja limepita idadi hiyo kwa mbali. Katikati ya umati huo, mwalimu anatakiwa amwone anayekaza macho kwa kuwa haoni ubao, anayesinzia kwa kuwa hakula tangu jana, na yule aliyenyamaza ghafula kwa sababu ya jambo linalotendeka nyumbani kwao.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliandikwa upya ili mkazo uwe katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Sababu yake inaeleweka. Mtoto anayefika darasa la tatu asijue kusoma, kila kitabu atakachopewa baada ya hapo kimefungwa. Pamoja na hayo, ziko shule ambazo mwalimu hodari hupelekwa darasa la mtihani, na darasa la kwanza akapewa mgeni aliyeripoti juzi. Wahenga walituambia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunaurudia usemi huo kwenye mikutano ya wazazi, kisha kazi ya kumkunja tunampa mtu tuliyemwambia kwamba amekosa vyote.

Aliyeingia bila kukusudia

Mtu anaweza kutuuliza: je, hafai kufundisha ila yule aliyeupenda ualimu tangu utoto wake? La, hatusemi hivyo. Wengi waliokuja kuwa walimu bora waliingia kwa mlango ambao hawakuuchagua. Mfano mkubwa ni Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu.

La Salle alizaliwa mwaka 1651 mjini Reims, Ufaransa, katika familia yenye mali na cheo. Alikuwa padre na kanoni wa kanisa kuu. Mwaka 1679 aliombwa msaada na mtu aliyefika mjini hapo kufungua shule ya watoto maskini, naye akasaidia kama mtu anavyomsaidia mgeni. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku zile aliwahesabu walimu wale kuwa chini hata ya mtumishi wake wa nyumbani, na kwamba kama angalijua mambo yatakakomfikisha, asingalianza. Lakini aliwaona walivyokuwa: watu waliolipwa kidogo, wasiofundishwa kazi, walioshika ualimu kwa kukosa jingine. Akawakaribisha mezani pake, halafu nyumbani mwake, ingawa ndugu zake walikasirika.

Alipowahimiza wasiwe na wasiwasi juu ya kesho, walimu wale walimjibu kwa ukweli: ni rahisi kwako kusema hivyo, maana una mali na cheo, sisi shule zikianguka tutakwenda kuomba. La Salle hakuwakemea. Alikiacha cheo chake cha ukanoni, na mali yake akaigawa kwa maskini wakati wa njaa kubwa ya miaka ile. Karibu mwaka 1685 akaanzisha pale Reims shule ya kuwaandaa walimu, mojawapo ya za kwanza kabisa za namna hiyo. Tena aliagiza watoto waanze kusoma kwa Kifaransa, lugha waliyoielewa, badala ya Kilatini.

Katika historia hiyo tunaokota mambo mawili. Kwanza, kuingia ualimu bila kukusudia si aibu. Aibu ni kukaa humo miaka thelathini bila kuamua. Pili, hakuna aliye na haki ya kumwambia mwalimu kwamba kazi yake ni wito mpaka kwanza amesikiliza shida yake ya mkate.

Kijana aijue njia

Basi kijana afanye nini? Tunashauri ajipime kabla ya kujaza fomu. Nafasi za kujipima ziko nyingi parokiani. Awasaidie watoto wa Utoto Mtakatifu kwa muhula mzima, si kwa Jumapili moja ya sikukuu. Awakusanye watoto wanne wa majirani wasiojua kusoma, akae nao jioni tatu kwa wiki. Baada ya miezi kadhaa ajiulize maswali mepesi. Je, mtoto aliposhindwa mara ya tano, nilitafuta njia ya sita au nilipandisha sauti? Je, nilifurahi alipoweza? Je, yule mzito nilimkaribia au nilimkwepa? Majibu ya maswali hayo yatamwambia mambo ambayo cheti cha kidato cha nne hakiwezi kumwambia.

Pili, amwendee mwalimu mwenye miaka mingi kazini na kumwomba amweleze ukweli wote: furaha yake, mshahara wake, mikopo yake, uhamisho wake. Anayeingia akijua hudumu kuliko anayeingia akidanganywa.

Tatu, aitafute habari mahali pake. Kwa miaka mingi njia ya kawaida imekuwa kufaulu kidato cha nne, kisha kusoma chuo cha ualimu hadi kupata cheti au stashahada. Lakini masharti ya kujiunga yamebadilika mara kwa mara. Kwa hiyo asitegemee aliyoyasikia kwa kaka yake aliyesoma zamani. Asome tangazo la serikali la mwaka huo. Ahakikishe pia kwamba chuo anachokwenda kimesajiliwa, kabla mzazi hajauza ng'ombe au kiwanja. Mwenye moyo wa kuwahudumia watoto wasioona, wasiosikia au wenye ulemavu wa akili ajue kwamba kipo Chuo cha Ualimu Patandi, huko Arusha, kilichojengwa katika fani ya elimu maalumu.

Nne, akiwa chuoni ayaheshimu mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wanachuo huyaita BTP. Wengine huyatumia kumfurahisha mkufunzi siku anapokuja kukagua. Mwenye nia ataomba akae na mwalimu mkongwe wa darasa la kwanza, atazame, aulize, akosee na kusahihishwa. Huko ndiko atakakojua kama amefika kwake au amepotea njia. Akigundua kwamba amepotea, wazazi wamruhusu kugeuka bila matusi. Hasara ya ada ya mwaka mmoja ni ndogo kuliko hasara ya madarasa thelathini ya watoto.

Je, ajira ziko wapi?

Tunasikia mzazi akituambia: mnawasifia vijana ualimu wakati waliohitimu wamejaa mitaani. Hoja hii ni nzito na haijibiwi kwa mahubiri. Zamani mhitimu wa chuo alipangiwa kituo na serikali mara tu alipomaliza. Leo nafasi hutangazwa, huombwa kwa njia ya mtandao, na katika ajira za miaka ya karibuni waombaji wameitwa kwenye usaili. Wako wanaosubiri miaka mingi wakiendesha bodaboda au kuuza duka.

Ni sharti kijana aambiwe hayo waziwazi. Lakini tusikubali kuambiwa kwamba walimu wamezidi. Penye darasa lenye watoto mia moja na mwalimu mmoja, na nje yake yuko mwalimu aliyesomeshwa akiwa hana kazi, kilichokosekana ni uamuzi wa kutenga fedha. Huo ni uamuzi wa watu, na watu waweza kuubadilisha. Diwani na mbunge wanapokuja kuomba kura, swali la walimu wa darasa la kwanza lina haki ya kuulizwa sawa na swali la barabara.

Wakati wa kusubiri, shule nyingi hutumia walimu wa kujitolea, ambao wazazi huwachangia posho. Jambo hili linasaidia watoto, lakini lina hatari yake. Kijana aliyefundisha kutwa nzima kwa mwezi mzima, akaambiwa mwisho wa mwezi kwamba michango haikukusanyika, amenyang'anywa ujira wake. Viongozi wa walei walio katika kamati za shule wasikubali kumpokea mwalimu wa namna hii bila makubaliano ya maandishi: atalipwa kiasi gani, lini, na nani atajibu asipolipwa.

Yatupasayo

Mwaka 1966, tarehe 5 Oktoba, serikali za mataifa zilipitisha mjini Paris, chini ya UNESCO na Shirika la Kazi la Kimataifa, mapendekezo kuhusu hadhi ya walimu. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Walimu Duniani tangu mwaka 1994. Hotuba za siku hiyo ni nzuri. Lakini mwalimu halali ndani ya hotuba. Binti wa miaka ishirini na mitatu anapopangiwa kijiji asichokijua, akakuta hakuna nyumba ya mwalimu, akapanga chumba kisicho na kitasa, hadhi yake inategemea watu wa kijiji kile kuliko mapendekezo ya Paris. Parokia au kigango kilicho jirani kimtafutie nyumba yenye heshima na mama wa kumpokea. Kufanya hivyo ni kuwatendea haki watoto, kwa maana mwalimu asiyelala kwa amani hutafuta uhamisho.

Kwa mwalimu naye tuna neno. Anayefundisha nusu ya somo mchana ili auze nusu ya pili jioni katika masomo ya ziada anamwibia mtoto asiye na fedha. Umaskini wa mshahara unaeleza kishawishi hicho, lakini hauugeuzi wizi kuwa haki. Mwalimu aungane na wenzake kudai kilicho chake mahali panapohusika, asikitoze kwa mtoto wa mjane.

Na hatuwezi kunyamaza juu ya shule zilizo chini ya kanisa lenyewe. Mwalimu wa shule hizo ana haki ya mkataba wa maandishi, mshahara unaolipwa kwa tarehe, na michango yake ya NSSF inayofikishwa inakotakiwa. Si haki kumwambia kwamba kazi yake ni utume, huku akiba yake ya uzeeni haionekani. Kamati za Haki na Amani zianze ukaguzi nyumbani kabla ya kuinyoshea serikali kidole. Walimu wa Reims walikwisha kutupa jibu la kutosha juu ya jambo hili.

Mwisho tunarudi kwa wazazi. Mwaka ujao matokeo yatatangazwa tena. Kijana mwenye alama nzuri akisema anataka kufundisha darasa la kwanza, msimcheke wala msimwambie kwamba anazitupa alama zake. Na kijana mwenye alama za kati msimsukume huko kwa kuwa hamna lingine la kumwambia. Muulizeni wote wawili swali moja: "Je, umeshakaa na watoto, ukaona kwamba unaweza?" Mkimwona anaweza, mpelekeni chuoni kama mnavyompeleka anayekwenda kusomea udaktari, kwa sherehe ya kadiri ya uwezo wenu. Mtoto atakayempokea darasani anastahili mwalimu aliyeagwa kwa furaha.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika shule ya msingi iliyo karibu nasi, darasa la kwanza lina watoto wangapi na walimu wangapi? Nani kati yetu atakwenda kuuliza kabla ya kikao kijacho?

2. Je, yuko mwalimu wa kujitolea anayetudai posho? Itakusanywaje, na kwa tarehe gani?

3. Ni vijana gani katika jumuiya yetu wanaoonyesha kipaji cha kufundisha watoto? Nani atazungumza nao?